Majina ya watoto kwenye ukuta wa gumbaru, Kanyakine

Wakuu, hamjambo nyote. Mimi ni nyanya, cucu wa watu hapa Kanyakine, na shule yangu ni gumbaru tu, ile ya watu wazima. Mkiona herufi imeruka, rukeni nayo. Lakini uongo hapa hamtapata.

Mjukuu wangu Makena hupenda kupiga picha nyumba zilizoachwa. Akiona paa limeanguka anafurahi kama ameona harusi.

Mwezi uliopita akanionyesha picha kwa simu. Ukuta wa udongo, na majina yamechorwa na msumari: KINOTI. MWENDA. KAWIRA. GACHERI.

Chini alikuwa ameandika: "Chekechea iliyosahaulika. Hawa watoto wako wapi?"

Nilicheka mpaka chai ikamwagika.

"Makena, hao si watoto. Hao ni sisi."

Wacha niwaeleze. Hapo ndipo tulisomea gumbaru. Siku tulimaliza herufi, Mwalimu Gitonga alisema kila mtu aandike jina lake. Chaki ilikuwa moja, ya mwalimu, kwa hivyo sisi tulipewa misumari.

Sasa kwetu ukishazaa unaitwa kwa mtoto wako. Mimi ni Mama Kinoti, nikaandika Kinoti. Wote tukafanya hivyo! Mwalimu alishika kichwa.

Makena akarekebisha post yake, akaeleza ni akina mama, na mimi ni mmoja wao. Baada ya siku mbili mwanaume mmoja wa Majimbo, huko Embu, akaandika:

"Mimi ndio Mwenda. Mama alikufa nikiwa mdogo, baba akanileta huku, na hakumtaja tena mpaka naye akafa. Sasa nimepata msichana wa kwanza. Ana wiki tatu na hana jina. Cucu, mama yangu aliitwa nani?"

Wenye kwetu mnajua. Msichana wa kwanza ni jina la mama ya baba. Hilo halibahatishwi.

Mimi nilijua. Kanana. Tulikaa bench moja, na alikuwa akiangalizia kwangu bila aibu.

Lakini niliogopa. Mimi husifiwa sisahau jina, ndio, lakini nikikosea hapa, mtoto atabeba jina la mtu mwingine maisha yake yote.

Halafu nikakumbuka. Siku ile mwalimu alisema, "Haya, chini yake andikeni lile mlipewa na mama zenu." Kanana akamjibu, "Mwalimu, hilo sijaitwa tangu niolewe. Ngoja nilitafute."

Kwa picha hapo chini palikuwa peupe tu. Kuna watu walikuja baadaye wakapaka chokaa nusu ya chini ya ukuta.

Asubuhi tukaenda na Makena. Nimebeba kijiko.

"Cucu, usiegemee huo ukuta!"

"Huu ni rika yangu. Hauwezi kuniangusha."

Tukakwangua polepole. Chini ya KINOTI likatokea langu, KARIMI. Nikalipapasa kidogo, tukasonga.

Chini ya MWENDA chokaa ilikuwa nene. Ikatoka K. Ikatoka A. Halafu N, imegeuzwa kinyume.

Hapo nikakaa chini kwa vumbi. N ya Kanana iligeuka kila siku, hata mwalimu alichoka kumsahihisha.

Makena akapiga picha, akatuma. Mwenda akapiga simu. Nilisikia tu mtoto akilia huko nyuma, na sauti ya mwanamke ikimbembeleza: "Nyamaza, Kanana. Nyamaza, mama."

Wakuu, nimejifunza hivi. Nyumba iliyoachwa bado ina watu. Nyinyi wa kupiga picha, msiende peke yenu, bebeni mzee mmoja. Na kijiko.

Sasa na nyinyi niandikieni hapa chini jina la nyanya yako. Lake mwenyewe, si la baba yako. Kama hulijui na bado yuko, weka hii simu chini uende umuulize. Comment itakungoja.