Siku Niliyompita Mjomba Bila Kusimama

Wanaonifahamu kijijini kwetu Tlawi bado wananitania kwa jambo hili, basi afadhali niwaeleze mwenyewe kabla hamjalipata kwa wanaoongeza chumvi: mimi ndiye niliyesababisha mama mkwe wangu aombolezwe akiwa hai, na chanzo chake kilikuwa injini.

Miaka hiyo mkoa wetu wa Manyara ndiyo kwanza umemegwa kutoka Arusha, magari ya mitumba yanaingia kwa wingi, nami nilikuwa nimepata pikapu moja kuukuu. Ufundi nilijifunza kwenye vitabu (sikuwahi kukaa gereji hata siku moja, na nilijivunia jambo hilo kupita kiasi). Wiki ile gari likaanza kukosa sailensi, yaani ule mngurumo wa chini wa injini isiyokanyagwa mafuta: likiwa kwenye mwendo halina neno, lakini ukiondoa mguu kwenye mafuta linatetemeka kama mgonjwa wa malaria, linakohoa, linazima. Nikaanza uchunguzi kwa utaratibu wangu. Nikasafisha plagi, nikakagua nyaya zake, nikafungua kabureta nikaipuliza. Ilibaki mipira ya kupitishia hewa kwenye injini tu, lakini kabla sijaifikia siku ya safari ikawa imefika.

Safari yenyewe haikuweza kuahirishwa. Mama mkwe alikuwa na jicho moja tu linalofanya kazi, na hilo lilikuwa limefunikwa na ukungu kiasi kwamba alitutambua kwa sauti. Daktari wa macho aliyekuja hospitali ya Haydom kutoka mbali alikuwa anamaliza kazi siku hiyo, na hakuna aliyejua angerudi lini. Betri nayo ilikuwa imechoka, gari likizima ni kusukuma. Kwa hiyo nikaamua jambo dogo tu: nisisimame popote.

Mke wangu, Paskalina, alikaa katikati (sikuweza kubanana bega kwa bega na mama mkwe), na mama akakaa dirishani. Vumbi na mwanga vilimuumiza, akajifunika shuka kuanzia kichwani hadi magotini, akamwegemea binti yake, akalala.

Kabla ya Dongobesh ipo nyumba ya Mzee Gwandu, kaka yake mama mkwe. Alikuwa amesimama kando ya barabara na fimbo yake, ametuona tangu mbali, anatabasamu. Mimi nikainua mkono mmoja, nikakanyaga mafuta.

“Baba Safari! Huyo si mjomba?” Paskalina alishtuka.

“Ni yeye. Tutamsalimia tukirudi.”

“Mjomba unampita kama kisiki?”

Nilikuwa nasikiliza injini.

Dongobesh tukakuta ni siku ya mnada, na ng'ombe wamejaa barabarani. Nikasimama huku nikiendelea kukanyaga mafuta, gari linanguruma, wazee wawili wakaja dirishani, nami nikawa napiga shikamoo kwa kelele kama ninayegombana nao. Mmoja akasema, “Marahaba, lakini kwa nini unatufokea?” Kwa aibu nikalegeza mguu. Gari likatetemeka, likazima.

Hapo ndipo nikasikia vilio. Lori la mizigo lilikuwa linakuja nyuma yetu, na juu yake Mzee Gwandu kasimama pamoja na wanawake wa kwake, wamejifunga kanga viunoni, wanalia. Wakashuka mbio. Watu wa mnada wakavua kofia. Mtu nisiyemjua akanishika mkono: “Pole sana, ndugu. Ni mama?”

Nikafungua mdomo, lakini kabla sijasema kitu shuka ikasogea.

“Nani amekufa?” mama mkwe akauliza.

Mwanamke aliyekuwa mbele akaanguka chali, wawili wakakimbilia kwenye ng'ombe. Mzee Gwandu peke yake ndiye aliyebaki pale.

“Wewe, dada,” akasema. “Wewe ndiye umekufa.”

“Kasema nani?”

“Mkwe wako! Amenipita mlangoni bila salamu, na wewe umefunikwa hivyo. Mtu mwenye akili hampiti mjomba kama habebi maiti. Nimeshatuma mtu Tlawi wakaanze maandalizi!”

Ikabidi nieleze mambo ya sailensi mbele ya mnada mzima. Mama mkwe akanikatiza: “Maneno yatasubiri. Jicho langu halisubiri.” Basi walewale waliokuja kulia wakasukuma. Gari lilipowaka, Paskalina akashika mafuta kwa mguu wake, nami nikaomba maji kidogo kwenye chupa, nikayadondosha juu ya mipira ya hewa, mmoja baada ya mwingine. Penye mpira mwembamba nyuma ya kabureta, mngurumo ukabadilika mara moja. Ulikuwa na ufa, unavuta hewa isiyotakiwa. Nikaufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, nikamwambia mke wangu aondoe mguu. Injini ikatulia, ikanguruma taratibu kama mtu aliyeshiba.

“Sasa nisalimie,” akasema Mzee Gwandu.

Nikamwamkia kwa kuinama, nikaulizwa habari za watoto, za mifugo na za mvua, nikajibu zote, na gari halikuzima. Kisha akapanda nyuma, tukaenda naye.

Haydom tulimkuta daktari anavua glavu. Nesi akamtazama mama, akamtazama daktari, na daktari akaomba glavu nyingine. Nilikaa kwenye benchi nikashindwa hata kunywa chai kwa jinsi nilivyofarijika.

Kesho yake bandeji ilipotolewa, mama mkwe alinitazama kichwani. “Kumbe una mvi,” akasema, basi.

Nimeapa tangu siku hiyo: gari lenye hitilafu sitoki nalo nyumbani, na mzee akiinua fimbo nasimama, hata kama ni kusukuma hadi jioni.

Tulipofika Tlawi tulikuta maturubai yamefungwa na makande yako jikoni, maana habari za kufa zilikuwa zimefika na za kufufuka bado. Watu wakapiga kelele, wengine wakapiga magoti. Mama mkwe akashuka, akakaa kwenye kiti kilichowekwa kwa ajili ya padri, akaomba sahani, na huku akila makande ya msiba wake akazungusha lile jicho jipya polepole, kutoka uso hadi uso, akiangalia ni nani hakuja.