Nilisema ninafua

Jamaa, mimi muhunzi wa Kindu leo nimefua kanzu za watu, zimeshika jasho na mafuta ya mbuzi.

Tanuru yangu iko nyuma ya nyumba yangu. Lakini kila asubuhi navuka muto kwenda kambini kwa nyampara wa musafara.
Njiani napishana na dobi wa kule, anakuja kushika nyundo yangu.

Leo nikamuuliza nyampara sababu.
"Wote wawili mulisema munafua. Nikagawa kazi."
Nikasema, "Mimi nafua chuma, mukubwa."
Akanusa kanzu yake. "Mbona imetakata? Endelea."

Nyinyi mungemujibu nini?
Mimi kesho naenda na nyundo. Nitamufulia vile ninavyojua kufua.