Zamu ya Kontrakta

Miaka ile ya sabini serikali ilikumbuka kwamba hata sisi wa Nyamira huugua, ikaamua kutujengea kituo cha afya. Pesa zilikuwa zake na sharti lilikuwa lake: kila kibarua alipwe kiwango cha serikali, na tangazo la kiwango hicho libandikwe pale pale kazini. Kontrakta wetu, mtu wa Kisii mjini na mshika sheria hodari, alilibandika. Alilibandika ndani ya stoo ya simiti, nyuma ya mlango. Mifuko ya simiti ilizijua haki zake vizuri sana.

Mimi nililisoma siku nilipotumwa mfuko, ndipo nikajua tunalipwa nusu. Na nusu yenyewe ilikatwa: ya karai lililotoboka, ya kuchelewa, na ya uji ambao hata mgonjwa angeukataa. Nilibeba maji na kokoto kutwa nzima nikiwa na neno moja kichwani: mabati. Nyumba yangu ilikuwa ya nyasi, nyasi zimeoza, na mvua ikinyesha wanangu wawili walilala wamejikunja kwenye kona iliyobaki kavu. Baba yao alikuwa Kericho kwenye majani chai, akituma salamu. Salamu haziezeki nyumba. Kwa kiwango cha serikali ningeezeka kabla ya masika. Kwa kiwango cha kontrakta ningeezeka wanangu wakishaoa.

Siku moja afisa wa leba akatufikia kwa Landrova, mtu wa pwani, Kiswahili chake kimenyooka hadi kikatutia haya. Akauliza vibarua hawa wanalipwa kiasi gani. Kontrakta akacheka kama mwenye arusi.

"Bwana afisa, hawa si vibarua, ni majirani. Sisi Wakisii tuna desturi yetu, egesangio. Watu hufanyiana kazi bila malipo. Wanajenga kituo chao kwa moyo safi. Mimi huwapa ya sabuni tu."

Loh! Moyo safi!

Afisa akatugeukia. "Ni kweli, kina mama?"

Nyapara alisimama nyuma yake akitukodolea macho. Atakayesema hapana, kesho asije. Wenzangu wakatazama miguu yao. Mimi hasira zilinipanda mpaka masikio yakaniwasha, na mdomo wangu haujawahi kuniomba ruhusa.

"Ni kweli kabisa, bwana afisa," nikasema. "Ni egesangio. Na katika egesangio tukishamfanyia mmoja kazi, zamu humwendea mwenzake, na yule aliyefanyiwa huja wa kwanza na jembe lake. Asipokuja, ni mwizi wa jasho la watu. Sasa kwa kontrakta tumemaliza, tena tumezidisha. Kesho zamu ni yangu, tunakandika nyumba. Nawe karibu ule, mgeni hafukuzwi."

Wanawake wakapiga vigelegele. Kontrakta akacheka tena, akidhani ni mzaha wa wanawake. Afisa hakucheka.

"Desturi nzuri," akasema. "Nitapita."

Kesho yake ilikuwa siku ya kumwaga sakafu ya wodi. Hapakuwa na mtu wa kuimwaga. Kazi nzima ilihamia kwangu, wanaume wakichimba udongo, wanawake wakiteka maji, nami nikisonga ugali wa wimbi. Lori la kontrakta lilipofika likinguruma, jua lilikuwa limeshapanda. Akashuka akiwa na matusi tayari mdomoni, akayameza. Afisa wa leba alikuwa ameketi kwenye kigoda changu, sahani ya wimbi na mboga za chinsaga mapajani. Mpaka leo sijui kama aliletwa na sheria au na njaa.

"Umechelewa, jirani," nikamwambia kontrakta. "Vua viatu."

Angefanya nini? Alikuwa amesema mwenyewe, kwa mdomo wake. Akavua viatu, akakunja suruali yake ya kitambaa kizuri, akaingia kwenye tope kulikanyaga pamoja nasi. Kisha tukampa sehemu ya ukuta karibu na mlango.

"Kaza mkono, jirani!" wakamwita. "Huo ni ukuta, si mkate unapaka majarini!"

"Moyo safi, jirani! Moyo safi!"

Alivumilia kidogo. Mara akatupa tope chini, akafoka hadi kuku wakatawanyika:

"Basi! Hawa ni vibarua wangu! Rudini kazini sasa hivi, mimi ndiye ninayewalipa!"

Afisa akalamba vidole vyake, akanawa, akajifuta bila haraka.

"Kumbe ni vibarua," akasema. "Basi wana kiwango chao."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu iliishia mlangoni pangu.

Alilipa, pamoja na ya nyuma, huku amekunja uso kama amemeza kwinini. Tangazo likahamishiwa langoni, hata ng'ombe wakapata nafasi ya kulisoma. Masika yalipoanza nilikuwa chini ya mabati, na wanangu wamelala wamejinyoosha, kila mmoja na upande wake. Nilikaa nikawatazama, nikalia kwa furaha.

Nyumba ile nimeikandika upya mara nyingi, lakini pale karibu na mlango sipagusi. Pamepinda, pana vidole vya mtu mwenye hasira, na wageni huniuliza ni fundi gani huyo. Huwaambia ni kontrakta. Katika mradi ule wote wa serikali, aliyefanya kazi bure ni yeye peke yake, na aliifanya vibaya.