Kidonda Chini ya Kitenge Kipya

Jirani yangu wa Mudzipela, hapa mjini Bunia, aliteguka kifundo cha mguu akishuka kwenye pikipiki, na muuguzi akawa anamfuata nyumbani kila asubuhi. Jirani huyo ni fundi wa kulia. Nikifagia uwanja nilimsikia akipiga makelele kabla hata bandeji haijaguswa, na muuguzi akimbembeleza. Nilichukia, na sioni haya kusema. Mama yangu alikuwa kijijini Gety, mbali na mji, amepooza upande mmoja, na kidonda cha kulala kilikuwa kinazidi kumla chini ya mgongo. Dada yangu ndiye aliyemgeuza na kumsafisha, peke yake, kwa maji ya chumvi na vipande vya shuka kuukuu.

Nilimngoja muuguzi nje kwa jirani, nikamsihi. Akasema hospitali yao haina mtu wa kuzungukia nyumba za Gety, barabara ni mbaya na usalama haueleweki. Nikamsumbua mpaka akanichoka. Mwishowe akaniambia gari lao litafika huko mara moja tu, kuangalia wagonjwa waliozidiwa kabisa, na hao ndio watatafutiwa muuguzi wa kuwatembelea. Nikampigia dada simu kwamba wageni wanakuja.

Kwetu mgeni hapokelewi ovyo. Majirani wa dada walikuja alfajiri, wakamwogesha mama, wakampaka mafuta ya kunukia mpaka harufu ya kidonda ikapotea, wakamvika kitenge kipya. Kisha wakamkalisha aegemee ukuta, juu ya kidonda chenyewe, kwa sababu mgeni hasalimiwi na mtu aliyelala. Wageni wakaingia, wote wanaume, wakamuuliza hali. Mama, ambaye usiku alikuwa akiuma shuka kwa maumivu, akawajibu kama alivyolelewa:

“Niko muzima, batoto bangu. Mungu anatuchunga.”

Nani angefunua kitenge cha mama mzima mbele ya wanaume wageni? Dada aliona haya, na wageni nao wakaona haya.

“Huyu mama iko bien, iko muzima,” mmoja akamwambia dada. “Muko munamuchunga muzuri.”

Dada alinisimulia yote kwenye simu kwa furaha, na kwamba chai ya maziwa waliimaliza. Nilitaka kumfokea. Ningemfokea kwa kosa gani, usafi? Huku mjini watu wamezoea kuhudumiwa, wanajua kulia daktari anapopita. Kule mtu amezoea kutoangaliwa na yeyote, kwa hiyo siku anapoangaliwa anavaa vizuri.

Nilirudi kwa muuguzi, nikamweleza habari ya kidonda. Akanisikiliza kwa upole, akasema mama hakuandikwa kati ya waliozidiwa, na gari limekwisha kwenda, halitarudi. Kisha akaingia kwa jirani, na makelele yakaanza.

Mama alifariki kabla ya maharage kuvunwa. Tulimzika Gety, nami niliporudi Mudzipela watu walikuja kunipa pole. Muuguzi naye alikuja, akakaa kwenye kiti changu cha plastiki, na nadhani alisikitika kwa kweli.

“Juu ya nini hamukumuleta huku Bunia?” akaniuliza. “Tungekuwa tunamuchunga ku nyumba.”

Nikamjibu kwamba mama alikuwa na nyumba, na ilikuwa Gety.