Vumbi Katika Chumba Kitupu

Chumba kilikuwa kitupu, mlango umefungwa, halafu mashine ikaanza kuhesabu vumbi.

Wadau, mimi ni mwanamke nisiyeogopa nyoka wala radi. Lakini siku ile, acha tu.

Kazi yangu ni uhandisi wa chembechembe za hewani: vumbi, moshi, mvuke. Mama hunitania, "Kusoma kote kule ili uhesabu vumbi? Si ungenunua ufagio tu?"

Basi, niliitwa kiwandani kupima chumba cha kutengenezea dawa za macho. Filta za darini, zile za kuchuja hewa, zilikuwa zimebadilishwa asubuhi. Nikishapima, tunapuliza mvuke wa kuua vijidudu. Binadamu akiuvuta ule, mapafu yanaungua.

Mashine ilikuwa ndani, sisi nje tunaisoma kupitia kioo. Sifuri. Sifuri tena.

Ghafla namba ikaruka! Ikatulia. Ikaruka tena.

"Kuna mtu humo," nikasema, ingawa kwenye kioo chumba kilionekana kitupu.

"Mtu gani? Fundi wa filta ameshaondoka!" bosi wa kiwanda akafoka. Alikuwa na hasira zake, tangu tufike anampigia simu mwanawe, hapokei. "Mashine yako mbovu. Puliza, tunachelewa!"

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Niliwaza majini. Niliwaza kazi yangu ikiota mbawa. Niliogopa, jamani, nisiwadanganye.

Bosi akaweka simu sikioni.

Namba ikaruka.

Akakata. Ikatulia.

Nikamgeukia. "Bosi, piga tena."

"Unanitania wewe?"

"Piga, mzee wangu, nakuomba!"

Akapiga. Ikaruka.

"Huyo fundi wa filta ni nani?"

Simu ikamponyoka. "Ni... ni mwanangu."

Tulimkuta darini, amezimia kwa joto, amelalia filta ambayo hakuwahi kuikaza. Kila baba yake alipopiga, simu ilitetemeka mfukoni na vumbi likadondoka chumbani.

Alikuwa bado anapumua.

Bosi alikaa chini sakafuni, akamkumbatia. "Nilisema puliza," akawa anarudia. "Mimi mwenyewe nilisema puliza."

Wadau, chombo kikikuletea habari usiyoipenda, usikimbilie kukiita kibovu. Chenyewe hakina haraka. Wenye haraka ni sisi.

Jioni nilimsimulia mama. Akaweka ufagio wake chini.

"Basi hesabu, mwanangu," akasema. "Hesabu."