Sitaki Maana, Nataka Alichosema

Masikio yangu yaliharibikia machimboni, huku Tarime, miaka ile watu walipokuwa wakimiminika kutoka kila upande kufuata dhahabu. Nilikuwa nabeba mawe kutoka shimoni kuyapeleka kwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe, na baruti ikalipuka kabla hatujasogea. Nilizinduka nikiwa na mlio tu kichwani. Mlio ulipokwisha, sikubaki na kitu.

Nilihamia kwa mdogo wangu wa kike. Jioni majirani walijaa sebuleni kwake kuangalia filamu. Wakicheka, namgusa bega: "Wamesema nini?" Nilishaanza kusoma midomo, hasa yake. Alijibu, "Nitakuambia ikiisha." Ikaisha. Akaniambia, "Wameoana." Filamu nzima, neno moja.

Hilo nililivumilia. Lililonishinda lilitokea kwenye ukumbi wa kata. Mwalimu wa usalama wa machimboni alikuja kutoka mjini akatuonyesha video ya namna ya kuchoma dhahabu yenye zebaki. Niliona mwanamke anaongea, anaonyesha jiko, anaonyesha mtoto, anatikisa kichwa. Nikamwangalia mdogo wangu.

"Wanasema tutumie vifaa," akaniambia.

"Na huyo mtoto?"

"Basi tu, yupo."

Mtu hatikisi kichwa namna ile kwa sababu ya mtoto aliyepo tu. Nikasimama. Sauti yangu siisikii, kwa hiyo sijui ilitoka kubwa kiasi gani, ila ukumbi mzima uligeuka.

"Mwalimu, mimi sisikii. Naomba maneno yaandikwe chini ya picha."

Alisema kitu akimnyooshea kidole mdogo wangu. Nilijua: mwenzako atakueleza.

"Ameshanieleza," nikasema. "Hii ni sumu, mwalimu. Nataka kujua yote, kama hawa wenzangu."

Mzee mmoja aliyezeeka na mashine ya kutoboa miamba akainua mkono. Halafu mwingine nyuma yake. Kumbe wengi walikuwa wanaitikia kwa kichwa tu, hawasikii hata nusu. Mwalimu akachukua simu ya mdogo wangu na kuirushia ile video. Aliandika kwenye kiganja chake kwa kalamu, akanionyesha: *Sijui kuweka maandishi. Mkiweza, nitayaonyesha.*

Tulijifunza wenyewe. Mdogo wangu alisikiliza na kuniandikia, mimi nikayapanga kwenye simu chini ya picha. Mwanzoni maneno yalitoka mwanamke akiwa ameshafunga mdomo. Tukayarudisha nyuma, yakaanza kupita mbio mno.

"Sijamaliza kusoma," nikamwambia.

"Wanaosikia tunamaliza."

"Wanaosikia hawana haja nayo."

Tulipofika kwenye mtoto, aliandika: *Usivute moshi.* Lakini mdomo wa mwanamke ulikwenda muda mrefu zaidi ya hapo.

"Anaongea sana huyu," akajitetea. "Maana yake ndiyo hiyo."

"Sitaki maana. Nataka alichosema."

Alikasirika, akatoka nje. Nilidhani kazi imeishia hapo. Aliporudi aliketi, akairudia sehemu ile taratibu, akaandika yote: moshi wa zebaki hauonekani vizuri, unaingia kwenye chakula, unamdhuru mtoto hata aliye tumboni, na kamwe usichomee dhahabu kwenye jiko la kupikia.

Niliyasoma, nikamwangalia. Yeye mwenyewe alikuwa mjamzito, na sisi tulikuwa tunachomea kwenye jiko lile lile la ugali. Alikuwa ameyasikia ukumbini kwa masikio yake, yakapita. Tuliinuka tukatoa vyombo vya kuchomea jikoni, tukavipeleka mbali na nyumba, na kwenye jiko lile hatukupika tena.

Siku video iliporudiwa ukumbini, sikuangalia picha. Niliangalia watu. Yule mzee wa mashine alisogeza kiti mbele, midomo ikicheza neno kwa neno. Jirani yake hakujua kusoma. Mzee akawa anamsomea, kwa Kikurya kama mdogo wangu alivyoniambia, na mwalimu, aliyezoea ukumbi kuwa kimya, aliwaacha.

Filamu za jioni bado zinatoka bila maneno chini ya picha. Wenye kuziweka mtandaoni nawaandikia kila moja inapotoka. Mmoja alinijibu, akaanza kuweka. Wengine nawaandikia tena.

Mwalimu naye alituletea video nyingine, ya mashimo kuporomoka. Mdogo wangu alilalamika kwamba ana kuku wa kulisha.

"Kawalishe," nikamwambia. "Nakusubiri hapa hapa."