Picha ya Kumtuliza Mama

Miaka ya hamsini ikielekea kuisha, nilikuwa napiga picha sokoni Thika, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Wapiga picha wenzangu waliwasimamisha watu wima kama nguzo za simu, viatu na vyote. Nikawaona hawajui kazi. Mimi nilitaka uso, kivuli kidogo shavuni, macho yakitazama mbali.

Siku moja akaja kijana kutoka magharibi, mfanyakazi wa shamba la mkonge. Mtu wa kwao alikuwa amepeleka uvumi nyumbani kwamba mashini imemkata mguu, na sasa mamake hali wala halali. Alitaka picha ya kumtuliza. Alinieleza vizuri, tena mara mbili, nami nikawa naitikia tu huku nikitafuta mwanga.

"Fundi, miguu imeingia?" akauliza.

"Wewe tulia. Mtu ni uso."

Ikatoka picha tamu ajabu, kutoka kifuani kwenda juu. Kijana aliigeuzageuza, akaona haya kubishana na fundi, akaituma.

Baada ya wiki chache akanijia na mama mmoja mfupi aliyeshuka kwa treni asubuhi hiyo, amekumbatia mikongojo miwili mipya.

"Uvumi ulisema mguu mmoja," mama akaniambia. "Picha yako ikanionyesha hana hata mmoja."

Akamwamuru mwanawe akunje suruali palepale, mbele ya wauza viazi. Akaipapasa miguu yote miwili, goti hadi kisigino, machozi yakimtoka. Watu walicheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Nikawapiga picha nyingine bure, wote wawili, na safari hii nilirudi nyuma mpaka nikazikanyaga nyanya za watu mkekani.

Nilidhani yameisha. Mama akaketi kwenye kiti changu cha wateja.

"Na wewe, mwanangu, mamako yuko wapi?"

"Ruiru."

"Hapo tu? Alikuona lini?"

Nikaanza kuhesabu miezi kwa vidole, vidole vikaisha. Niliona aibu kubwa kuliko ile ya picha.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Ruiru. Mama yangu alikuwa anakamua ng'ombe. Aliponiona nimesimama pale uani, mikono yake ikaacha kukamua, akaniuliza nani amekufa.